Malai ya Chupa za Njano

Kila mtu ana dawa ya mikono yangu. Jirani wa upande wa juu anasema nipake mafuta ya kondoo. Shemeji yangu anasema ni alovera, na amenipandia mche mzima mlangoni bila kuniuliza. Mhubiri mmoja aliyepita hapa Subukia na spika zake alitangaza kwamba ni laana ya upande wa mama, na mama yangu, aliyezikwa na mikono laini kuliko ya mhubiri huyo, hakuwepo kujitetea. Nimechoka kujibu. Siku hizi mtu akiniuliza nilidhuriwa na nini, nasema ni maziwa, naye anacheka, kwa sababu bonde hili lote halijawahi kumwona mtu aliyeumizwa na maziwa.

Ningekuwa yeye, mimi pia ningecheka. Lakini ngozi ya vidole vyangu hupasuka kwenye viungo, hutoa maji, hukauka ikawa ngumu, kisha hupasuka tena palepale. Siwezi kumenya viazi bila glavu. Siwezi kukamua. Ninachotaka duniani kimebaki kidogo sana: mikono ya kumkamua ng'ombe wangu, na mikono ya kumshika mume wangu bila yeye kuogopa. Nimeambiwa nisahau vyote viwili.

Nilikuwa nikifanya kazi katika chama cha ushirika cha wafugaji, kwenye chumba cha kupimia maziwa. Si maabara ya kujivunia. Ni chumba kimoja chenye vigae vyeupe mpaka kiunoni, sinki, meza ndefu, na rafu za chupa ndogo, kila mkulima na chupa yake. Asubuhi wakulima walipoleta maziwa, tuliteka kiasi kidogo kutoka kwa kila mkebe na kukitia katika chupa ya mwenyewe. Chupa ilijazwa hivyo siku baada ya siku mpaka siku ya kupima mafuta, maana mwenye maziwa mazito hulipwa vizuri kuliko mwenye maziwa yaliyoonja mto.

Sasa maziwa ya siku zote hizo yangeganda ndani ya chupa. Ili yasigande, tulitangulia kutia chembe za chumvi moja ya rangi ya chungwa, jina lake potasiamu daikromati. Naiita chumvi kwa sababu wanakemia huiita hivyo. Hakuna mtu mwenye akili zake angeionja. Chembe chache tu, na maziwa yanageuka ya njano na kukaa bila kuharibika. Ni rangi nzuri, nisiseme uongo. Lakini kopo lake lilikuwa na picha zenye mpaka mwekundu: fuvu la kichwa, moto, mtu aliyepasuka kifuani, mkono unaoliwa na tone, na samaki aliyekufa kando ya mti uliokauka. Sijaona kopo lingine lenye vitisho vingi hivyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mama mmoja mjane, aliyenitangulia hapo kwa miaka, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Hii kitu usicheze nayo," aliniambia siku ya kwanza. "Usinuse, usishike na mkono, usiache wazi. Ukimwaga kidogo usifagie, vumbi yake itaingia kwa mapua. Unapanguza na kitambaa iko na maji. Na usiweke karibu na karatasi ama sukari, inaweza shika moto."

Kila neno alilosema lilikuwa kweli, nami nililishika. Tulivaa glavu. Tulifunga dirisha ili upepo usipeperushe vumbi. Tulichota kwa kijiko cha plastiki ambacho hakikuwa na kazi nyingine. Funguo ya kabati aliivaa shingoni, pamoja na rozari yake. Ungetuona tukitia ile chumvi ungefikiri tunamlisha nyoka. Kisha kopo lilirudi kabatini, tukavua glavu, tukanawa, tukanywa chai. Kwetu sisi hatari ilikuwa imefungiwa, na kilichobaki mezani kilikuwa maziwa.

Hapo ndipo tulipopotea. Hapa kwetu maziwa hayamwagwi. Awe Mkikuyu ambaye babake alinunua kipande cha shamba la mzungu, awe Mkalenjin aliyeshuka na ng'ombe wake, mwaga maziwa mbele yake uone uso wake. Ataona kama umemtukana. Ng'ombe atakauka, mtoto atakosa, mvua itachelewa, na wewe ndiwe utakuwa umeyaleta yote. Hata yakiharibika hupewa mbwa kwanza. Na sisi, kila tulipomaliza kupima, tulibaki na ndoo nzima ya maziwa ya njano. Karatasi ya maelekezo ilisema yatiwe katika pipa maalumu, halafu watu wa taka za sumu waje wayachukue. Watu hao nawangojea mpaka leo.

Walikuja wengine. Vijana walisimama mlangoni na mitungi.

"Niaje madam, si mtupee hizo maziwa za njano tupelekee nguruwe?"

"Ndio nguruwe ikufe useme ni mimi nimeiua?" mjane aliwafokea. "Toka hapa!"

Hakuwapa hata tone, na kwa hilo namheshimu. Alichimbisha shimo nyuma ya ofisi, mbali na kisima, na humo ndimo alimoyamwaga. Kila alipoinamisha ndoo alisema "pole" kwa sauti ya chini. Mara ya kwanza nilidhani ananiambia mimi. Alikuwa akiyaomba msamaha maziwa.

Malai hakuweza kuyamwaga. Ndoo ikilala usiku kucha, asubuhi malai yalikuwa yamepanda juu, mazito, na njano yake ilikuwa kama ya siagi. Aliyaengua kwa kijiko akayatia katika kichupa cha mafuta ya kujipaka, ndipo akachukua ndoo kuipeleka shimoni, na nadhani kile kichupa kilimpunguzia dhambi. Wakati wa baridi ya Julai, ukungu ukishuka mpaka ndani ya kahawa, alijipaka mikononi. Watu wanaoshika maji baridi tangu alfajiri hupasuka mikono, na mama zetu wote walijipaka malai. Hiyo ndiyo dawa tuliyozaliwa tukaikuta.

"Leta mkono," aliniambia. "Hii krimu huwezi pata duka yoyote. Angalau isiharibike yote."

Nilileta mkono. Hata swali halikunijia. Angeniambia nijipake ile chumvi ningejua amerukwa na akili. Lakini haya yalikuwa malai, na malai hutoka kwa ng'ombe, na ng'ombe nimewajua kabla ya kujua kusoma. Yalipakika vizuri. Yalikuwa na harufu ya nyumbani, na kwa siku chache ngozi ilitulia kabisa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, nikavunjika mikono.

Ilianza kwa kuwasha katikati ya vidole. Kisha vikaja vipele vidogo vyenye maji. Nilidhani ni baridi, nikaongeza malai. Vipele vikapasuka, nikaongeza malai. Anayetaka kuniita mjinga aniite, lakini asiniite peke yangu, maana meneja aliiona mikono yangu, wakulima waliiona, mume wangu aliiona, na wote walisema kwa kauli moja nijipake malai. Mjane alipostaafu na kuniachia funguo, nilikuwa nikishika chupa kwa vidole vilivyofungwa vitambaa.

Mikono yake yeye ni laini mpaka leo. Daktari alinieleza baadaye kwamba miili hailingani. Kuna mtu atakishika kitu hicho maisha yake yote kisimfanye lolote, na kuna ambaye mwili wake utakikataa, na ukishakikataa hausahau. Jibu hilo lilinikasirisha kuliko ugonjwa wenyewe. Ningependa iwe nilikuwa mchafu, au mzembe, au mwenye dhambi fulani. Mjane alikuja kuniona na trei ya mayai, akakaa kwenye kiti akiitazama mikono yangu. Kisha akasema, "Mimi nilikupatia tu vile nilipatiwa." Nilimpikia chai.

Niliacha ile kazi nikiamini kwamba nimeliacha tatizo huko huko. Mume wangu ni fundi wa mjengo. Tulikutana pale pale ushirika, alipokuja kujenga nyumba ya tangi la baridi, akawa anaomba maji ya kunywa mara nyingi kuliko kiu ya binadamu. Ni mtu wa maneno machache na viganja vipana. "Wewe pumzika," aliniambia nilipoacha kazi. "Mimi nitajenga, wewe ukae na ng'ombe." Watoto walikuwa wameshakua na kwenda zao Nairobi, kwa hiyo nilikaa na ng'ombe, nikangoja mikono ipone.

Haikupona. Jumamosi nilifua ovaroli zake, ngumu kwa simiti, nikizisugua kwa mkono kwenye karai kama mke yeyote wa fundi, na Jumapili mikono ilikuwa mibaya kuliko siku zote. Nani angeunganisha mambo hayo? Mimi nilidhani ni sabuni. Yeye aliona ninavyouma meno nikishika jembe, akaninunulia glavu mjini Nakuru, za ngozi halisi, za kahawia, zilizoshonwa vizuri. Si mtu wa zawadi. Aliziweka mezani akatoka nje kabla sijasema asante. Nilizivaa kila siku, shambani na kwenye kuni, hata zilipoanza kuniunguza, kwa sababu ni yeye aliyezinunua.

Mwishowe nilikwenda kwa daktari wa ngozi huko Nakuru. Alikuwa binti mdogo kwangu, mwenye subira. Alinibandika plasta mgongoni, kila moja na kitu chake ndani, akaniambia nisilowanishe mgongo mpaka nirudi. Niliporudi alizibandua akainama kutazama. Sehemu moja ilikuwa imevimba, nikiihisi inawaka bila hata kuiona.

"Mama, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikamweleza chupa, chumvi, ndoo. Nilipofika kwenye malai aliweka kalamu chini.

"Ulikuwa unajipaka?"

"Tulikuwa tunajipaka."

"Na mzee anafanya nini?"

"Mjengo."

Alishusha pumzi. "Simiti pia iko na hiyo madini ya ile chumvi yenu. Si mingi, lakini kwako inatosha. Na hizo glavu umeshika, ni za ngozi?"

Zilikuwa mapajani mwangu.

"Ngozi nyingi hutengenezwa na madini hiyo hiyo. Hata viatu. Pole sana, mama."

"Sasa itapona lini?"

"Vidonda vinaweza pona. Allergy yenyewe haiponi. Ni ku-avoid tu, maisha yako yote."

Nilicheka, na si kwa furaha. Kote Nakuru ninakopita wanajenga. Kila ploti ina rundo la mchanga na mifuko ya simiti imelaliwa na mlinzi. Niepuke simiti vipi, nami nimeolewa nayo?

Nilimweleza mume wangu nikiwa bado sijavua leso. Alizichukua zile glavu akazitundika juu kabisa kwenye msumari wa ghala, nisipofika. Kisha alichukua ovaroli zake na karai, akaenda mferejini, akafua. Mwanamume mzima akifua mchana peupe, na mke wake amesimama mlangoni. Watu waliokuwa wakipita barabarani walipunguza mwendo. Mama mkwe alipopata habari alikuja mwenyewe kuthibitisha.

"Huyu uliniletea ni mke ama ni mgeni?" alimuuliza mwanawe, mimi nikiwa pale pale na birika.

"Ni mke, mama," alijibu, akaendelea kusuuza.

Nilimpenda sana siku hiyo. Nayasema haya kwa sababu watu hudhani ugonjwa huu ulitutenganisha kwa ugomvi. Haujawahi kuwa ugomvi.

Alijaribu kuuacha mjengo. Alikwenda Salgaa, kule malori yanakolala, akapata kazi ya kushusha na kupakia mizigo, na baadaye kuosha malori. Alirudi amekonda, anakohoa, na mgongo umempinda. "Mimi najua kujenga," aliniambia, akitazama chini. "Kitu ingine sijui." Nilimwambia arudi mjengoni. Ningemwambia nini kingine? Mtu hawezi kula upendo, na hata ng'ombe wangu hakuwa anatulisha tena. Nilikuwa nimejaribu kumkamua na glavu za mpira; alinusa, akapiga teke ndoo, na akayazuia maziwa mpaka akaanza kukauka kweli. Sasa jirani ndiye humkamua, na maziwa tunagawana. Mimi husimama kando nikimshika ng'ombe kamba, na yeye hunigeuzia kichwa kana kwamba ananiuliza nimemkosea nini.

Mume wangu akapanga chumba Lanet, karibu na kazi. Ni yeye aliyeamua. Ovaroli hazifiki nyumbani siku hizi, wala viatu vya kazi. Huja Jumamosi jioni ameoga, amevaa nguo ambazo hazijaiona simiti, na husimama mlangoni na kusema, "Sasa, mama watoto," mikono ikiwa nyuma kama mtoto aliyeficha kitu. Mikono ya fundi haitakati. Simiti hukaa kwenye nyufa za viganja na chini ya kucha, na hata asugue kwa jiwe, kijivu hakitoki. Nikimpa kikombe hunionyesha kwa kidevu nikiweke mezani, kisha ndipo akichukue. Kitandani hulala ameipa ukuta mikono yake.

Wakati huohuo ushirika ukanunua mashine. Unatia maziwa kidogo, inalia, inakupa mafuta na maji na kila kitu kabla hujamaliza kupiga chafya. Haihitaji chupa wala ndoo. Haihitaji chumvi. Meneja aliniita nikaione, nadhani alitaka nifurahi. Binti anayeitumia alikuwa amepaka kucha zake rangi. Nilizitazama zile kucha muda mrefu kuliko nilivyoitazama mashine.

"Madam, wewe ndiye unajua ile dawa ya zamani," meneja aliniambia akinitoa nje. "Kopo bado iko kwa kabati, na karibu imejaa. Tuitupe wapi?"

Nilimwambia si mtoni. Si shimoni. Si motoni, na si chooni. Alingoja niseme ni wapi basi. Kopo liko pale pale, na funguo sijui anayo nani.

Kanisani kwetu ibada huisha kwa Neema, ile sala ya kuagana. Watu husimama, kila mtu humshika jirani yake mkono, upande huu na upande ule, na wote huisema kwa pamoja wamefumba macho. Tangu tuoane tulikaa pamoja kwenye benchi la nyuma, na kila Jumapili nilishikwa mkono na mtu huyo mmoja. Baada ya daktari, alianza kuvuta mkono wa koti lake ukafunika kiganja, akanipa kile kitambaa nikishike. Nilikishika Jumapili nyingi. Watu walituona, na wapo waliocheka.

Jumapili moja hasira zangu zilinizidi. Sikumkasirikia yeye. Nilimkasirikia mjane, na ndoo, na binti wa kucha, na Mungu pia, kwa kuwa tulikuwa nyumbani kwake. Alipovuta koti, mimi nililirudisha juu nikakishika kiganja chake kitupu kwa mkono wangu mtupu. Alishtuka akajaribu kuutoa. Nilimng'ang'ania. Kilikuwa kigumu na cha moto, kama nilivyokiacha. Nilikishika Neema yote, na ilipoisha nilikuwa bado sijakiachilia, mpaka waliokuwa mbele yetu wakageuka.

Wiki hiyo mikono ilifumuka vibaya. Inawezekana ni sabuni, au vitunguu, au baridi tu. Nilimuuliza daktari, naye akasema kushikana mkono mara moja hakungeweza kuleta yote hayo, na kwamba nisimnyime mume wangu mkono kwa sababu hiyo. Nilimpigia simu Lanet nikamweleza neno kwa neno.

"Sawa," alisema.

Alipokuja Jumamosi aliomba kuiona mikono yangu. Nilisita, kisha nikamwonyesha, kwa mbali, chini ya taa. Aliitazama akatoka nje, na nilimsikia mferejini akisugua yake kwa jiwe, akisugua tu, mpaka nikamwita aje ale.

Kanisani sasa mume wangu huketi upande wa wanaume. Wakisema tusimame kwa Neema, mimi huvaa glavu zangu za pamba na kumpa mkono yeyote aliye karibu. Sifumbi macho. Namtafuta kule mbele, namwona ameshikana mikono na wanaume wawili, kulia na kushoto, hana koti.